Waraka wa Ahsante

Ninayo furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi wa Ibra, Mudhaibi na Sinaw, hapa Omani, pamoja na wapita njia wote, kwamba tumepata Kitengo cha Uratibu wa Shukrani, na kwamba mkuu wake wa kwanza ni mimi, Abdullatif. Kabla yetu watu walikuwa wakishukuriana ovyo ovyo, kila mtu kwa wakati anaoujua mwenyewe. Hilo limekwisha.

Tulianza na utafiti. Tulisimama na fomu katika soko la mifugo la Sinaw tukarekodi shukrani kuanzia asubuhi hadi jua lilipokuwa kali. Wauza mbuzi walipata alama nzuri. Mbuzi wenyewe hawakuhojiwa kwa uhaba wa fomu. Kisha karani wangu Buthaina, binti mchapakazi ambaye Kiswahili chake kimeparwa ngeli kama samaki magamba, akaja na taarifa nzito: hapa hapa Ibra upo ukumbi ambamo wanawake thelathini hukutana kila Alkhamisi baada ya alasiri kwa ajili ya tango, na hakuna hata mmoja anayesema ahsante.

Nikamjibu kwamba kachumbari si mamlaka yetu, awaandikie watu wa kilimo. Buthaina akanieleza kwa upole kwamba tango hili ni dansi, la kuchezwa wawili wawili, wamekumbatiana, kwa nyimbo za fidla na kinanda cha kuvuta. Hapo nikakumbuka kwamba nalijua, kwani mwenye ukumbi ni mama yangu mzazi, Bi Hanifa.

Mama alijifunza tango Unguja akiwa msichana, kwa santuri za mjomba wake, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Aliyejifunza naye ni shoga yake wa mtaa mmoja, Bi Saliha, ambaye sasa anakaa Nizwa, na ambaye Mungu amemjaalia kuwa mama mkwe wangu. Wazee hawa wawili hawasemezani. Ni mwaka wa saba huu. Siku ya harusi yangu Mama aliionja halwa iliyoletwa na Bi Saliha kutoka Nizwa, akauliza mbele ya watu kama imepikwa na fundi wa halwa au fundi wa gari. Tangu siku hiyo hata salamu hupitia kwa mke wangu, Shukriya, na njiani hupungua.

Hata hivyo kila Alkhamisi Bi Saliha hupanda gari kwa mwendo wa saa moja na nusu, Nizwa mpaka Ibra, akaingia ukumbini, akakaa kiti cha pembeni. Mama humtazama. Yeye humtazama Mama. Mama huinamisha kichwa kidogo, Bi Saliha huinamisha chake, wakainuka wakacheza nyimbo nne, kisha kila mtu akarudi kwao. Tango halina haja ya maneno.

Mimi ni mwanamume, na ule ni ukumbi wa wanawake. Kwa hiyo nilimtuma Buthaina aingie na fomu. Alirudi na kurasa sita. Kwamba mtu haalikwi kwa mdomo, ila kwa jicho na kichwa, ili asiyetaka atazame pengine na pasiwe na aliyeaibika. Kwamba nyimbo huja kwa mafungu, nne nne, na anayekubali wimbo wa kwanza amekubali fungu zima. Kuhusu shukrani aliona bora anieleze mwenyewe.

“Hii ahsante ni neno mbaya kule, ustadh,” aliniambia. “Ukimwambia mtu ahsante katikati ya nyimbo, maana yake khalas, nimekuchoka, rudi kwa kiti yako.”

Nilitafakari maelezo hayo kwa kina nikaona hayana nafasi kwenye fomu. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru. Siku hiyo hiyo nikatunga Waraka Nambari Moja, wenye vifungu vitatu. Kifungu cha kwanza: kila wimbo ukimalizika, wachezaji watamkiane ahsante kwa sauti inayosikika hatua tatu. Kifungu cha pili: asiyetamka hataruhusiwa kutoka uwanjani. Kifungu cha tatu, ambacho nilikiweka kwa kuheshimu mila za wadau: aliyeambiwa ahsante atarejea kitini pake mara moja, bila ya kuuliza sababu.

Shukriya aliusoma waraka wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mja mzito wa miezi minane, na mama zetu wote wawili walishatangaza kwamba mmoja akija kumuuguza arubaini, mwingine asitarajiwe. Akauweka waraka chini ya sahani ya wali.

“Usiuguse ukumbi ule, Abdullatif,” alisema. “Ndipo pekee wanaposhikana wale. Ukipafunga pale, mimi nitamzaa mtoto huyu baina ya nyumba mbili.”

Nakiri yaliniuma. Usiku na mchana nilikuwa nikiomba mwanangu apokewe na bibi zake wote wawili. Lakini mtumishi wa umma hampendelei mama yake, na isitoshe waraka ulikuwa umeshapigwa muhuri. Nilimweleza hayo, naye akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Alkhamisi ya uzinduzi, Mudir Humoud, mkurugenzi wa idara yetu, alikuja kutoka Maskati kushuhudia. Mkewe, Bi Fawziya, ni mwanachama wa ukumbi, basi yeye akaingia ndani, na sisi viongozi tukasimama nje chini ya kiyoyozi. Maji yalimdondokea Mudir begani. Hakusogea, na mimi kwa adabu sikusogea. Buthaina alikuwa ndani akituarifu kwa simu.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Ulipokwisha, nilisikia kwa masikio yangu, kupitia ukuta, sauti za ahsante zikitoka kila pembe. Nilimpa Mudir mkono. Kisha pakawa kimya, nikauliza kulikoni.

“Wote wamekaa,” alisema Buthaina. “Kifungu cha tatu.”

Nilimwagiza awahimize wainuke kwa wimbo wa pili. Akasema hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mmoja ameambiwa mbele ya watu kwamba amechosha, na sasa wako busy na pochi zao. Kuhusu Bi Fawziya, ikaja kujulikana kwamba alikuwa akingoja miezi mitatu aitwe na Bi Umkulthum wa Sur, ambaye ndiye fundi wao mkubwa. Leo alikuwa ameitwa. Bi Umkulthum, mwanamke mtiifu wa sheria, akamchezesha wimbo mmoja, akamwambia ahsante kwa sauti ya hatua tatu, kama waraka unavyoelekeza. Simu ya Mudir ililia. Alisikiliza muda mrefu. Nilidhani anapokea pongezi.

Uwanjani walibaki wawili tu, Mama na Bi Saliha. Wao hawakutamka ahsante, kwa sababu hawasemezani, na kwa kuwa hawakutamka, kifungu cha pili kiliwazuia kutoka. Basi waliendelea. Wimbo wa pili, wa tatu, wa nne, fungu la pili, fungu la tatu. Buthaina akanipigia kuniomba wazee wale waruhusiwe kukaa, mmoja ana miaka sabini na saba na mwengine amemkaribia.

“Sheria ni msumeno,” nilimwambia.

“Hukata mbele na nyuma,” alisema Mudir, akinitazama. Nilimshukuru kwa kunimalizia.

Kwenye wimbo wa kumi na mbili adhana ya magharibi ikaadhiniwa na muziki ukazimwa. Buthaina anasema wale wawili walibaki wamesimama pale pale katikati, wameshikana, na kina mama wote wakiwaangalia. Aliacha simu wazi, nami nikasikia.

“Mguu waniuma, Hanifa.” Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Saliha.

“Na viatu vile vibaya. Miaka saba navitazama.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ningekwambiaje nawe husemi nami?”

Kisha Mama akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, “Halwa ile ilikuwa nzuri, shoga yangu. Wivu tu ulinishika. Nilimwona mwanangu anakwenda kwenu.”

Nilisikia mtu akilia na mtu akicheka, na sikuweza kutofautisha. Macho yangu yaliingia vumbi. Wakatoka wameshikana mikono, wakatupita mimi na Mudir bila ya salamu, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwetu, kwa Shukriya, na hawajaondoka mpaka leo. Ahsante hawakuambiana. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Kitengo, wazee hao bado wako uwanjani, na jalada lao liko wazi.

Wiki iliyofuata nilipokea barua. Idara inakushukuru sana, Bwana Abdullatif, kwa utumishi wako. Aya nzima ilikuwa shukrani tupu. Nikampigia Mudir kuuliza nimepangiwa cheo gani. Akaniuliza kama nakikumbuka kifungu cha tatu. Nikamsomea neno kwa neno, kwa fahari. Akasema vizuri sana, akakata simu. Sasa niko Mudhaibi, kwenye ushoroba, karibu na mashine ya maji. Kiti chenyewe si kibaya.

Mtoto amezaliwa salama, wa kike. Jana nilifika nyumbani nikakuta bibi zake wote wawili wamemzunguka, mmoja anamwimbia wimbo wa fidla na mwengine anamrekebisha. Nikaomba nimpakate. Nilimpakata kwa muda wa kama wimbo mmoja hivi, mtoto kanishika kidole, nami moyo umenijaa. Wakatazamana. Mama akainamisha kichwa kidogo, Bi Saliha akainamisha chake, kisha wakanyoosha mikono.

“Ahsante, baba,” walisema kwa pamoja.

Nikawapa mtoto, nikarejea kitini pangu bila ya kuuliza sababu.