Dola Itoke Kwenye Tanuri Langu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu,

Shikamoo. Mimi ni mwoka mikate, sina kesi wala ulevi. Nakuandikia kwa unyenyekevu wote, ila nimekasirika.

1. Unga wangu hutoka ng'ambo, hununuliwa kwa dola. Sawa. Lakini wenye dola wakipandisha riba kwao ili bei zao zitulie, dola inapanda na unga wangu unapanda nayo. Yaani wanaomeza dawa ni wao, anayeharisha ni mimi. Haki iko wapi?

2. Mwenye nyumba niliyepanga kwake sasa anataka kodi kwa dola. Nyumba yenyewe kaijenga kwa matofali ya hapa hapa! Nilimpelekea noti zetu, akazitazama kama nimemletea majani ya mbuzi. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo nihame na tanuri nimwachie. Tanuri hilo nimelijenga kwa mikono yangu.

3. Noti yetu imepita kwa muuza samaki, imelowa, imebandikwa selotepu, na bado inachapa kazi. Dola ikikunjwa tu, inakataliwa. Hela gani hii inayodeka hivi?

4. Mama mkwe anayo noti moja ya dola, ya mia. Ina miaka tisa sandukuni, katikati ya albamu ya harusi yetu. Redio ikitaja bei ya dola, nyumba nzima kimya, yeye anatabasamu. Neno lake halipingwi. Hata jina la kitinda mimba wangu kachagua yeye.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama na sisi tupige kura huko dola inakochapwa, maana ndiko bei zetu zinakopangwa. Ama mkate wangu utangazwe kuwa akiba ya taifa. Kila mtu anaupokea, hata ukibonyea. Najua siku ya nne unaota ukungu. Lakini Mheshimiwa, hela yetu je?

Wasalimie makarani wote, na yule mlinzi wa getini aliyenifukuza mara mbili.

Wako mtiifu, mwenye tanuri hadi sasa,
Mwoka Mikate

N.B. Ombi langu lisubiri kwanza. Nilipokuwa natafuta bahasha, mama mkwe aliisoma barua hii. Akafungua sanduku, akanipa ile noti nikalipe kodi. Nililia, sikufichi. Nikatoka mbio, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Mwenye nyumba ameikataa, na mama mkwe bado hajui. Mheshimiwa, hapo Benki Kuu mna pasi?