Leseni Yangu na Trekta ya Wakhisi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimehukumiwa. Mimi, niliyeandikia magazeti barua kumi na saba kuhusu utawala wa sheria, nimemalizwa kwa dakika nane.

Jana wazee wa ukoo walinichagua niongoze msafara wa mwili wa baba mdogo Owiti, Ijumaa, kutoka mochari ya Kisumu hadi nyumbani, mbele ya Ahero. Gari la kwanza, lenye picha ya marehemu na matawi. Heshima ya mtoto wa kwanza wa ukoo. Nikasherehekea kidogo. Saa kumi na moja jioni polisi wakanisimamisha na kile kidude chao cha kupuliza. Nikapuliza. Kikalia kama mtoto.

Faini, na leseni kufungiwa miezi kumi na miwili. Hakimu akaongeza kwamba nikirudi mbele yake atalisahau neno faini. Beldina, mke wangu, alilipa kwa pesa za mabati ya jikoni. Hakuniangalia mpaka tukafika nyumbani.

Walioitunga sheria hii wana madereva. Wanalewa wakiwa kiti cha nyuma. Huko hakuna anayeombwa apulize.

Jumanne, 4 Novemba

Binamu yangu Odongo amekuja kutoka Milimani, mtaa wa matajiri, na Prado iliyooshwa. Akaniita omera, yaani ndugu, akasema nisijali, wazee wamemwomba yeye aongoze, na kwangu kuna nafasi nyuma, pamoja na masufuria.

Masufuria! Mtu niliyemfundisha gia mimi mwenyewe. Nikamwambia wazee walisema nitaongoza. Hawakusema lazima niwe na leseni. Akacheka hadi akashikilia boneti.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata. Nimetoa fotokopi ya ukurasa mmoja wa sheria. Kinachokatazwa ni kuendesha. Gari lililozimwa injini haliendeshwi, linavutwa. Na Wakhisi wa Muhoroni ana trekta ya miwa.

Nikamweleza. Akauliza kama nimelala vizuri. Kisha akauliza kama matangani kutakuwa na nyama. Tukakubaliana.

Beldina ameusoma ukurasa wangu, akanirudishia. "Baba Rachael, panda gari la Odongo. Wakikufunga, mzee atazikwa bila wewe." Beldina hajawahi kuelewa katiba.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika haya nikiwa kituo cha polisi, kwa kalamu ya kuazima.

Tuliondoka mochari saa nne asubuhi. Mbele trekta, kisha mnyororo, kisha Pijo yangu, injini kimya, mimi kwenye usukani na picha ya baba mdogo kiti cha pembeni. Wazee walishangaa hata wakashindwa kunizuia. Nyuma yangu gari la mwili, Prado, mabasi mawili. Kwa kuwa sikuwa dereva, nilibeba chupa ndogo. Ya huzuni.

Trekta ya miwa haina haraka. Kwaya ilimaliza nyimbo zote za msiba ikaanza za Krismasi. Honi zilizopigwa nyuma yangu hazikuwa za heshima. Kabla ya Ahero gari la mwili likatupita. Likafuata Prado. Odongo akashusha kioo, akauliza kama tunapeleka miwa kiwandani.

Halafu polisi. Yule yule wa Jumapili. Nikampa ukurasa wangu. Akausoma polepole, akaugeuza, akakuta nyuma ni kweupe. "Mzee, umesoma huu mmoja tu? Anayeshika usukani nyuma ya trekta ni dereva." Kisha akainama dirishani, akanusa.

Dola ambayo inamnusa mfiwa imeoza.

Jumamosi, 8 Novemba

Beldina ameniwekea dhamana saa nane mchana. Nimefika nyumbani nikiwa juu ya trekta, Pijo imening'inizwa nyuma, picha mikononi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Baba mdogo amezikwa bila picha, kwa sababu picha ililala kituoni ndani ya Pijo. Wasifu umesomwa na Odongo. Nasikia aliusoma vizuri.

Mjane, mama mdogo Dorca, aliipokea picha, akafuta kioo kwa leso yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nilimpeleka Owiti polisi.

Wakhisi alikuwa anatafuna mfupa. Nikaenda kukaa karibu na masufuria.

Jumapili, 9 Novemba

Kesi ni Jumanne, hakimu yule yule. Beldina amesema nikubali kosa, niombe msamaha, ninyamaze. Odongo ametuma ujumbe kwamba atanipeleka mahakamani na Prado. Sitaki huruma ya Milimani.

Usiku kucha nimefikiria neno la yule polisi. Alisema nyuma ya trekta. Hakutaja ng'ombe. Ouma wa hapa jirani ana wanne wa kulimia, wenye nguvu, na hawana injini. Nimemwomba awalete Jumanne alfajiri, na nira. Hakimu atachungulia dirishani aone raia anayeijua sheria akiwasili na gari lake mwenyewe.

Utetezi wangu una kurasa kumi na nne. Nitahitaji kitu kidogo cha kulainisha koo njiani.