Nilivyopinduka Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimepata aibu ambayo sabuni haiitoi. Nawaandikia nikiwa nyumbani Mbunya, mtaa wetu hapa Bunia, nimejifunika blanketi mpaka puani.

Asubuhi nilishuka kwa pikipiki hadi Kasenyi, ziwani, kujitambulisha kwa wazazi wa mpenzi wangu Dorcas. Siku hizi njia iko wazi, tunashukuru Mungu, na kila mtu anapita haraka kabla wenye bunduki hawajabadili mawazo. Nilivaa suruali ya kitambaa na viatu vyenye ncha. (Viatu viko wapi sasa? Waulizeni samaki.)

Baba yake hakuuliza ng'ombe wala kazi. Aliuliza kama najua maji. Nikajibu najua sana. (Mimi mtoto wa Bunia, maji yangu ni ya ndoo.)

Mzee akaeleza polepole: "Wakati ya vita tulikimbia na mutumbwi. Ikapinduka. Dorcas alikuwa mudogo, mama yake ndiye alimurudisha ndani. Sasa kumetulia, lakini miye sijatulia. Bwana yake anapashwa kujua kurudia mu mutumbwi."

Hapo ningesema ukweli. Lakini Dorcas alikuwa ananitazama, nami nampenda mno, nikaogopa kumkosa. Nikasema nitaonyesha.

Tena nilikuwa nimejiandaa, maana Dorcas alishaninong'oneza juu ya swali hilo. Nilitazama kwenye simu video za wazungu wa kayaki, zile boti nyembamba za plastiki wanazoendea baharini. Wakipinduka, hufunga kitu chenye hewa kwenye ncha ya kafi ili boti isiyumbe. Halafu hulala kifudifudi juu ya mkia wa boti, hupiga miguu, na kuteleza mpaka kwenye kiti. Nilifanya mazoezi juu ya benchi la sebuleni. Benchi halikupinduka hata mara moja.

Basi nikaomba bidoni tupu, lile dumu la plastiki, nikaifunga kwenye kafi, nikaingia ziwani na mtumbwi wao. Mzee, Dorcas na majirani wakabaki ufukweni. Mama yake hakukaa nasi: kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Alikuwa amejitenga kwenye mtumbwi mwingine, ametupa mgongo, anasafisha samaki.

Nikajiangusha majini. (Hapo nilifanya vizuri.) Nikalaza kafi juu ya mtumbwi, nikapanda kwa tumbo kama nilivyojifunza. Kumbe bidoni haina kifuniko! Ikanywa maji, ikazama, mtumbwi ukanigeukia kichwani. Nikajaribu tena, ukageuka tena. Sasa suruali imelowa, inanivuta chini, na miguu haigusi kitu. Nikasahau video, nikasahau uchumba, nikaita Yesu na mama yangu kwa pamoja.

Aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Mama mkwe akaja akipiga kafi huku ametazama pembeni kwa heshima. Akaninyooshea ile kafi. "Shika," akaliambia ziwa. Nikashika, nikateleza. Akahema, akageuka, akanikamata kiunoni kwa mikono miwili, akavuta.

Suruali iliingia mtumbwini kwanza. Mimi nilifuata baadaye.

Mama akavua kitenge chake cha juu, akanifunika. Nilitamani turudi ufukweni kwa kupitia Uganda, ng'ambo ya ziwa.

Tulipofika, mzee alinitazama kuanzia kitenge hadi miguu mitupu. Halafu akamgeukia binti yake.

"Unamutaka huyu?"

Dorcas alikuwa anafuta machozi. Ya kicheko au ya huruma, sikuthubutu kuuliza. "Ndiyo, papa. Niko namutaka."

"Basi arudie hapa kila siku ya posho, mupaka ajue. Mama yako atamufundisha. Heshima ya bukwe imeisha kuzama leo."

Kwa hiyo mchumba ninaye, na mwalimu ninaye. Mnaocheka, chekeni, lakini kabla ya posho, yaani Jumamosi, mmoja wenu aniazime suruali inayobana.