Kopo la Sinema Lililofukizwa Udi

Ijumaa, 9 Januari
Madam ninayemfanyia kazi hapa Dubai anahama kutoka Silicon Oasis. Kanipa kopo la bati lililojaa vumbi, ndani mna mkanda wa sinema. Chukua, kasema, khalas, yamekwisha. Nikapiga picha, nikaweka mtandaoni. Kabla ya magharibi kajibu Bwana Shafiq wa Jumeirah Lake Towers. Anakusanya sinema za kale! Hii ni ya kuchekesha, anasema, ya mara tu baada ya vita kuu: bomu limeangusha nyumba, umebaki mlango mtupu, na mwenyewe bado anawalazimisha wageni wabishe hodi. Zamani hakucheka mtu. Leo wakusanyaji wanaililia. Na bei aliyotaja! Mimi na mwanangu Tamim tutahamia chumba chenye mlango. Kwaheri pazia la kugawana chumba.

Jumamosi, 10 Januari
Mercyline, Mkenya wa upande wa pili wa pazia, kauliza tangu lini watu wananunua sufuria kuukuu. Kwao wangewekea kuku maji. Wivu! Shafiq kapiga simu, kanisihi nilete kopo hivyohivyo, nisijisumbue kabisa. Mstaarabu. Lakini mimi nimelelewa. Mtu akikwambia usijisumbue, ndipo unapojisumbua.

Jumapili, 11 Januari
Nimejisumbua. Kutu nimeisugua yote. Vibandiko vichakavu vyenye mihuri ya majumba ya sinema, nimebandua. Mkanda nimeufuta kwa maji moto na sabuni kidogo, kisha nikaufukiza udi kama nguo za biharusi. Kopo linang'aa! Tamim kajiona humo, kacheka hadi kwikwi. Mercyline kakohoa makusudi.

Jumatatu, 12 Januari
Shafiq kafungua kopo. Kashika kichwa. Nikadhani furaha. Kauliza vibandiko viko wapi. Nikamjibu kwa fahari: jalalani. Akakaa chini. Kumbe ile mihuri ndiyo aliyoitaka! Akainua mkanda kwenye taa. Mlango umefutika, wageni wamebaki wakibisha hodi hewani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kanipa juisi, kanirudishia kopo. Tumerudi kwetu Al Qusais, Tamim kalala begani, hajui kitu, roho yangu. Mercyline kauliza chumba kipya kiko ghorofa ya ngapi, Mama Tamim.

Alhamisi, 15 Januari
Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: watu hawa wanapenda uchafu! Si wangesema? Nimenunua diski mpya ya vichekesho. Nimeichovya kwenye chai, nimeifukia mchangani nyuma ya jengo, nimeifukua. Inatisha! Chumba nimeshakwenda kukiangalia, kina mlango na kitasa. Shafiq nimemwandikia aje upesi, yalla, kabla hajatokea mjinga akaisafisha.