Laptop, ya Mezani, na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekuwa prodyuza. Rasmi. Kilichobaki ni kompyuta tu.

Habari ni hivi. Chumba cha mbele, kile cha fundi cherehani aliyehamia Mbagala, kiko wazi. Nyumba ni ya Shangazi Mauza, na hapa Kariakoo chumba kikikaa wazi hata asubuhi moja watu wanaanza kukipima kwa macho. Haruna, muuza beseni wa barazani kwetu, anakitaka kiwe stoo. Mimi nakitaka kiwe studio. Shangazi kaamua hivi: Jumamosi binti yake Khairunnisa anaolewa. Kamtungia wimbo wa kumuaga, anataka kuuimba yeye mwenyewe, urekodiwe, upigwe bibi harusi akiingia ukumbini. Siku yenyewe anajua atalia, hataweza kuimba. Nikiutoa wimbo safi, chumba changu. Nikiboronga, cha Haruna. Kaongeza kwamba Haruna ni kijana mwenye adabu, huwa hapiti bila kumwamkia. Maneno ya nini sasa hayo!

Nikamwambia ahesabu nimeshamaliza. Uzoefu ninao. Nani aliyemrekodia Haruna tangazo lake kwenye simu mwezi uliopita? Mimi. Spika iko chini ya dirisha langu, inaimba kutwa: "Beseni! Ndoo! Majagi! Dada usipite, njoo uchague mwenyewe!" Sauti yangu inasikika mtaa mzima. Wasanii wangapi wa mjini wanaweza kusema hivyo?

Mchana nikaenda kwa Nirav, anayeuza kompyuta zilizotumika, mtaa wa pili. Nikamuuliza laptop au ya mezani. Kaeleza kwa kirefu: ya mezani ina nguvu zaidi, haichemki ovyo, kikiharibika kitu unabadilisha hicho tu. Laptop unabeba popote na ina betri. Halafu kaniuliza nitarekodia wapi. Nikamjibu hilo ni suala la kitaalamu. Kasema ndilo analoliuliza. Mtu wa duka huyo, tumsamehe.

Nimechagua ya mezani. Prodyuza habebi studio kwapani. Nirav kakubali kuchukua friji yangu badala yake. Friji ya nini kwa msanii?

Jumanne, 5 Agosti

Kompyuta imeingia kwa mkokoteni, mtaa wote unatazama. Nimetembea pembeni yake mkono juu ya boksi, taratibu, kama nasindikiza bwana harusi. Hata wabeba mizigo walinipisha. Haruna kauliza kama ni TV. Nikamwambia naye apishe.

Mtambo ukawaka. Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, ishara ya nguvu. Shangazi kaja na khanga mpya, kakaa, kafumba macho, kaanza. Jamani! Sikujua Shangazi ana sauti ile. Mtu anayenigombeza tangu nazaliwa! Akafika ubeti wa pili, anapomwambia Khairunnisa kwamba nywele zake kazisuka yeye mama yake tangu za kwanza, je, huko aendako atazisuka nani. Na hapo hapo, pap! Umeme hakuna. Bibi harusi mwenyewe chini kachomeka pasi na hita ya maji kwa pamoja, swichi kuu ikaanguka.

Umeme ukarudi, wimbo haukurudi. Shangazi kauliza kama nilihifadhi. Nikamweleza kwamba mtaalamu hahifadhi katikati ya hisia. Kakusanya khanga yake, kateremka ngazi bila kuaga.

Jumatano, 6 Agosti

Kosa limegundulika: ya mezani. Nilijua tangu mwanzo! Nirav kakubali kunibadilishia na laptop, ila kataka na kochi juu yake. Kochi limeondoka. Kauliza tena nitarekodia wapi. Nikamwambia laptop ina betri, asinichoshe.

Shangazi karudi kwa shingo upande. Kaimba vizuri kuliko jana. Umeme ulikatika katikati na laptop ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Nikamkonyeza. Tukasikiliza. Mstari wa kwanza, pale anapovuta pumzi: "Beseni!" Anapovuta tena: "Ndoo! Majagi!" Anapomtaja mwanawe kwa jina: "Dada usipite!"

Shangazi kauliza ni mpumbavu gani huyo anayebwata. Nikasema kelele za mji. Kasema sauti hiyo anaijua tangu ikililia uji.

Nikateremka kumwambia Haruna azime spika. Kwa heshima, msanii kwa mfanyabiashara. Kasema tangu aweke tangazo langu wateja hawakatiki, hathubutu kulizima, nilirekodi vizuri mno. Nikamshukuru sana. Nilipofika juu ndipo nikakumbuka nilichomfuata.

Alhamisi, 7 Agosti

Raha ya laptop: unabeba! Asubuhi nikampeleka Shangazi viwanja vya Mnazi Mmoja, hewa safi, nafasi tele. Tukakuta watu wanafunga spika kubwa kama makabati, kuna mkutano. "Moja mbili, moja mbili," mpaka masikio yakaziba. Tukarudi. Shangazi alitangulia mbele njia nzima, na Shangazi akitembea hivyo ujue kuna mtu atakiona.

Lakini zile spika zimenipa wazo. Kabati! Kabati la nguo la Shangazi, mabaibui na mablanketi kila upande, sauti itapenya wapi? Shangazi si mwembamba. Kaingia, kwa kusukumwa kidogo. Kaimba humo gizani wimbo mzima, na mimi nimekumbatia laptop kwenye miguu yake, machozi yananitoka, sijui ya wimbo au ya dawa ya nondo. Katoka kalowa jasho, macho mekundu. Kasema basi, kamaliza, harudii tena hata nimletee studio ya Ulaya.

Beseni imesikika. Lakini kwa mbali sana. Hilo nitalimaliza mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu, ila Kariakoo haijui. Adhuhuri spika ikanyamaza ghafla. Haruna kaenda sala ya Ijumaa! Mtaa umetulia, nasikia hata saa ya ukutani. Nikakimbia kumwangukia Shangazi, aimbe mara moja tu. Kaniuliza mimi ni mwanamume gani niliye nyumbani saa hizi. Nikaenda msikitini. Niliporudi, beseni zilikuwa zimeshaanza.

Hakuna neno. Nimepata programu inayotenganisha sauti: inabakiza mwimbaji, inafuta kelele. Nimesikiliza ubeti wa kwanza. Safi! Hakuna hata beseni moja. Wa pili sikuusikiliza. Prodyuza anayejiamini hasikilizi kazi yake mara mbili mbili. Badala yake nimekipima chumba cha mbele kwa hatua. Meza hapa, maiki pale. Haruna kanikuta humo na yeye anapima. Nikaanza kuhesabu hatua upya.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika bado nina kanzu mwilini.

Sherehe ni ya wanawake, kwa hiyo mimi, laptop na fundi wa spika tuliwekwa nyuma ya pazia. Sioni kitu, nasikia tu. Wakatangaza bibi harusi anaingia. Nikabonyeza. Sauti ya Shangazi ikajaa ukumbi. Vigelegele, kisha kimya, kisha watu wakaanza kupenga kamasi. Nikajipongeza. Ukaingia ubeti wa pili, na programu, sijui nani kaifundisha kazi, ikaona mwimbaji ni mimi na kelele ni Shangazi. "Beseni! Ndoo! Majagi! Dada usipite!" Safi, bila hata mkwaruzo. Nasikia Khairunnisa alisimama pale pale katikati ya zulia. Ukumbi mzima ukaitikia: "Njoo uchague mwenyewe!" Kumbe wote wanalijua!

Nikajaribu kuzima, laptop ikaganda. Nikang'oa waya. Kicheko kikaisha, ukabaki ukimya mbaya, na hapo niliogopa kweli. Siyo chumba tena. Ni ule wimbo. Kisha nikamsikia Shangazi anauanza mwenyewe, bila maiki, ubeti wa pili, ule wa nywele. Sauti inatetemeka, inakatika, anaiokota tena. Khairunnisa analia, anamjibu kwamba atarudi kusukwa hapa hapa. Mimi na fundi wa spika tulilia kama watoto. Tulisikia kila neno.

Jumapili, 10 Agosti

Chumba cha mbele kapewa Haruna. Shangazi kasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kaongeza kwamba kapita chumbani kwangu, kakuta hakuna friji, hakuna kochi, kimekaa kama stoo, basi Haruna aweke na humo beseni zitakazozidi, kwa muda. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dirisha silioni tena.

Haruna naye kanijia kwa adabu zake. Wanawake wa jana wamefurika barazani wanaliimba tangazo. Sasa anataka jipya, refu zaidi, na spika kubwa zaidi, ataifunga kwenye dirisha la chumba cha mbele. Nimekubali papo hapo na tumerekodi kwenye simu yake. Limetoka zuri ajabu.

Halafu nimekaa nikatafakari kwa kina kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Laptop! Ni kimya mno ile, kila kelele ya mji inaingia. Ile ya mezani ilikuwa na feni inayonguruma. Ningebaki nayo, nani angesikia beseni? Kesho asubuhi na mapema niko kwa Nirav, anibadilishie. Najua atataka na kitanda. Achukue tu, kwa mabeseni haya hakina pa kukaa. Na akiniuliza tena nitarekodia wapi, wallahi nitamwonea huruma.