Metre Mukalay na Bahasha Mbili

Jumanne, 3 Juni 2025
Leo nimekuwa avoka, wakili wa kuitwa Metre. Sikusoma sheria, kweli. Lakini miaka tisa nimeandikia watu barua kwa mashine nje ya tribunali, mahakama ya hapa Manika, na nimesikia mengi kupitia dirisha. Watu hawakosi sheria, wanakosa mtu wa kuisema kwa sauti kubwa. Sauti ninayo!

Nimeazima joho jeusi la kwaya la mke wangu Joyeuse, bila kumsumbua kwa kumwuliza. Mezani nimebandika karatasi: METRE MUKALAY. TALAKA, GEREZA, AJALI. Fidélie, auzaye mikate jirani yangu, amesema inasomeka kama orodha ya mambo yatakayonipata mwenyewe. Wivu.

Alhamisi, 5 Juni
Wateja wawili siku moja!

Asubuhi, mama Charlotte. Mumewe Stéphane alikwenda Mutshatsha kununua makala, mkaa wa kupikia. Miezi minane sasa, bado ananunua. Mama anataka arudi, au angalau alishe watoto wake watatu. Nimemtungia barua tamu mno. Mwenyewe nilikaribia kurudi nyumbani.

Mchana, tata Blanchard, kwa magongo. Kamio la kampuni moja ya kubeba mawe lilimkanyaga mguu karibu na soko, dereva akaenda zake. Blanchard ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ndio huo. Kampuni inapokea madai hadi Ijumaa tarehe 13. Baada ya hapo, faili inafungwa.

Aliuliza kama aende kwa Metre Ernestine, wa ofisi ya msaada wa sheria ya bure ng'ambo ya barabara. Nilimwambia pale wanapokea kesi nyepesi tu. Akaniamini. Watu wananiamini haraka sana, ni kasoro yao.

Ijumaa, 6 Juni
Barua zimeondoka! Bahasha mbili za aina moja, nzuri, anwani na jina la mteja kwa maandishi ya mapambo. Moja nimempa dereva wa gari la makala aende nayo Mutshatsha. Ya pili nimeipeleka kwa kampuni mimi mwenyewe, kwa pikipiki ya taxi-moto, joho likipepea. Watu waligeuka kunitazama. Kisha pindo likaingia kwenye mnyororo. Watu wakaendelea kunitazama.

Joho nimelikunja, nimelitia chini ya sanduku. Joyeuse ataimba tena Jumapili ya tarehe 22. Nitafikiria jambo.

Jumanne, 10 Juni
Maafa!

Sekretari wa kampuni, bwana Stany, alimwita Blanchard, akamsomea barua mbele ya ofisi nzima: “Mpenzi wangu, tangu uondoke kitanda ni baridi. Batoto banauliza kila mangaribi utarudia lini. Rudi tu, nitakusamehe yote.” Walicheka hadi wakafuta machozi.

Blanchard hakucheka. Alikuja mezani kwangu kwa magongo yake, taratibu, akasimama. “Metre,” alisema, “mi nilikuomba muguu. We uliniombea bwana.”

Nilimweleza kwamba ni mbinu, tunamlainisha adui kwanza. Aligeuza magongo yake, akaanza kuondoka. Angenipiga ningejua la kufanya. Mchana sijala, na Fidélie alinipa mkate bure. Ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatano, 11 Juni
Nimevuka barabara na Blanchard. Nilimwambia Metre Ernestine kwamba ninamkabidhi faili kama mwenzangu wa kazi, maana ratiba yangu imejaa. Alimgeukia Blanchard, akaomba cheti cha daktari, namba ya kamio na majina ya walioshuhudia.

Blanchard akavitoa vyote mfukoni mwa shati. Alikuwa navyo tangu Alhamisi. Hakuna aliyemwuliza!

Hakuna aliyemwuliza, maana yake mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Stéphane ametokea! Mwekundu wa vumbi, barua mkononi, akipiga kelele mbele ya tribunali: “Mi sikuvunja muguu ya muntu! Niko mu makala tu!” Maskini, barua yangu ilimshitaki kwa kumkanyaga baba wa familia na kukimbia, ikamwahidi gereza.

Mama Charlotte alikuwa akinunua mkate kwa Fidélie. Alitembea polepole, akamshika mkanda wa suruali. Alimwambia vizuri, basi, waingie wote kwenye ofisi ya msaada wa sheria, akaeleze huko amemkimbia nani. Metre Ernestine amewaandikisha makubaliano ya kulisha watoto, na Stéphane amesaini kabla hajamaliza kusoma. Ushindi wangu wa kwanza!

Na madai ya Blanchard yalifika kabla ya saa sita. Kampuni imekubali kulipia hospitali. Mengine yatazungumzwa. Blanchard amepita mezani kwangu akanisalimia. Nilishindwa kumtazama, nikajifanya natafuta kalamu.

Saa tisa nimeletewa karatasi ya kuitwa parke, kwenye ofisi ya mashitaka. Mwendesha mashitaka anataka kujua ni nani huyu Metre Mukalay. Nimeuliza nani amenishitaki. Fidélie amesema ingekuwa rahisi kutaja ambao hawajanishitaki.

Jumatatu, 16 Juni
Parke. Wameniuliza kama nina avoka. Nimesema ninaye, ni mimi. Bwana mwendesha mashitaka akaandika kitu kirefu.

Metre Ernestine, aliyekuja kwa kesi nyingine, akasimama bila kuombwa. Alisema mtu huyu alikosea, lakini faili aliileta kwa miguu yake kabla haijachelewa. Nimeachiliwa, baada ya kusaini ahadi kwamba sitajiita tena avoka wala Metre.

Joyeuse alikuwa ananisubiri nje, na joho mkononi. Parke ilikuwa rahisi zaidi.

Jumanne, 17 Juni
Nimeisoma ahadi mara tatu. Inakataza avoka. Inakataza Metre. Haisemi lolote kuhusu jaji!

Leo asubuhi tata Tshilombo na mama Mbelu, jirani zetu, wamegombana: kuku wa mmoja ametaga katika ua wa mwingine. Nimewaketisha. Nimesikiliza pande zote mbili. Nimeagiza yai liletwe mezani kama ushahidi.

Hukumu ilikuwa saa nane. Ushahidi ulianguka saa saba na nusu.

Wote wawili wamekasirika sana. Nimewatuliza, wana haki ya kukata rufaa. Rufaa ninasikiliza kesho, mimi mwenyewe.