Fomu ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua. Nitagombea udiwani! Sijamwambia mtu.

Sababu ninazo. Miaka tisa niko kwenye shirika hili, nafundisha wanawake kusimama, kusema, kugombea. Kitabu cha mafunzo nimekiandika mimi, mpaka koma zake. Wanafunzi wangu wawili ni madiwani kata za jirani. Mmoja ni naibu meya. Mimi je? Bado nagawa kalamu na karatasi za mahudhurio.

Mwaka huu shirika litamuunga mkono mwanamke mmoja wa kata yetu, amng'oe Mzee Mchakato. Huyo ndiye diwani, miaka kumi sasa. Ukimuuliza barabara, iko kwenye mchakato. Maji, mchakato. Wodi ya wazazi pale zahanati, yenye kitanda kimoja, hiyo ni mchakato mkubwa. Washiriki wa mafunzo watamchagua mgombea wao wenyewe Alhamisi, kwa kura ya siri.

Washiriki ni kumi na mmoja. Nimejiandikisha wa kumi na mbili. Nikamwambia Mkurugenzi kwamba mwalimu naye hujifunza. Akausifu unyenyekevu wangu. Nikainamisha kichwa, kinyenyekevu.

Kikwazo ni kimoja tu: wifi yangu, mke wa kaka. Fundi cherehani. Anashona sare za shule karibu na soko, na kila anayekwenda kupimwa huondoka na vipimo pamoja na ushauri. Nani alimwingiza kwenye mafunzo? Mimi! Kiti kimoja kilikuwa kitupu, wageni walikuwa wanakuja kupiga picha, nikaona aibu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: zoezi la mdahalo. Mimi naigiza Mzee Mchakato, wifi ni mgombea. Nitambana mpaka alowe jasho mbele ya wapiga kura wote.

Nikavaa koti. Nikakohoa kama Mzee. Nikamuuliza, mwanamke akishinda vikaoni kutwa nzima, nyumbani atapika nani?

"Yule yule anayepika nikiwa kwenye cherehani," akasema wifi. "Kaka yako."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Sawa. Nikaleta swali la wodi, nikasema subirini, iko kwenye mchakato. Wifi hakucheka. Akasema mtoto wake wa pili alimzaa kwenye benchi pale zahanati, kwa sababu kitandani alikuwapo mwenzake.

"Mheshimiwa," akasema, "mtoto hangoji mchakato."

Makofi. Hata mimi nilipiga, mikono ilinitangulia.

Ikafika zamu yangu ya kuonyesha hotuba ya mfano. Nikasimama. Ukurasa wa tatu ukaninasa. Nikausoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Mshiriki mmoja, muuza mboga, akaniletea maji ya kunywa. Wote wakanipa pole, kana kwamba nimefiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kura. Wifi tisa. Mimi mbili. Moja imeharibika, mtu kachora ua.

Katika zile mbili, moja naijua vizuri, ni ya mkono wangu. Ya pili? Baada ya matokeo wifi alinikumbatia, akaninong'oneza kuwa amenipigia mimi, maana mimi ndiye niliyemtoa woga. Akaniuliza, huyo mwingine aliyekupigia ni nani? Nikamjibu kwamba kura ni siri, wifi.

Nilitamani ardhi inimeze. Haikuniona.

Mkurugenzi akanikabidhi kazi: kuijaza fomu ya wifi na kuifikisha ofisi ya uchaguzi kabla ya Jumatano ijayo, saa kumi alasiri.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu iko tayari tangu Ijumaa. Wadhamini wote wametia sahihi. Ningeweza kuipeleka sasa hivi, ofisi yenyewe iko ng'ambo ya barabara. Lakini nani anaikumbuka fomu iliyofika mapema?

Nimewaza. Nikiifikisha Jumatano, dakika za lala salama, ninahema, kiatu kimoja mkononi, kila mtu atajua kwamba bila mimi hakuna mgombea. Meneja wa kampeni atakuwa nani tena? Na meneja husimama jukwaani. Na anayesimama jukwaani huonekana. Na anayeonekana leo, uchaguzi ujao huombwa. Miaka mitano si mingi.

Wifi kapita ofisini kuulizia. Nikamwambia fomu iko mikono salama, yeye ashone tu.

"Ukiishika wewe, mimi nalala usingizi," akasema.

Ameniachia pia blauzi aliyonishonea. Imenikaa vizuri sana. Nimeivua.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa tisa na nusu nilivuka barabara mbio, kiatu mkononi. Nikampigia Mkurugenzi nikihema: kuna hatari, lakini napambana! Karani wa uchaguzi akaifungua fomu. Mtu wa taratibu yule, analowesha kidole kila ukurasa. Ukurasa wa nne akasimama. Sahihi ya mgombea haipo.

Nilikuwa nimeuruka. Mimi, niliyeandika kitabu!

Nikaomba nitie sahihi kwa niaba yake, mimi ni wifi yake. Karani akasema sahihi haina wifi.

Nikapiga simu. Cherehani inanguruma, simu haisikiki. Mara ya saba akapokea. Akaja anakimbia, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, nyuzi zimemganda kwenye nguo. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika sita. Dirisha limefungwa. Aliligonga kwa kiganja mara mbili, kisha akaushusha mkono.

Mzee Mchakato akatoka chumba cha ndani. Amepita bila kupingwa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia mchakato umekamilika.

Fomu ingefika Jumatatu, karani angeona kosa Jumatatu, wifi angetia sahihi Jumatatu. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi. Jibu ni lile lile.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwambia Mkurugenzi kulikuwa na foleni. Hapakuwa na foleni. Palikuwa na mimi.

Majuto ni mjukuu, wanasema huja baadaye. Wangu alikuja siku ileile, amenikalia mapajani na hashuki.

Leo nimepita sokoni. Wanasema wifi alichelewa makusudi, eti alishapatana na Mzee kichinichini. Muuza mboga anapita mlangoni kwake bila salamu. Mama mmoja kamfuata achukue vitambaa vyake vya sare, havijaguswa hata na mkasi. Nikasimama hatua tatu kutoka kwa wanaosema. Nikanunua vitunguu. Nikaenda zangu.

Kaka nimekutana naye njiani. Kanijibu salamu kwa kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Wifi alikuwa anashona, kanikaribisha kiti. Nikamweleza yote. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipofika kwenye kiatu.

"Jumatatu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, wifi."

"Na mimi nilipita pale."

"Ulipita."

Akakata uzi. Nikaanza kulia. Akanipa kipande cha kitambaa nijifute, akaniambia nisimlilie yeye. Wodi itabaki na kitanda kimoja miaka mitano mingine, na machozi yangu hayataongeza hata godoro. Anachotaka ni kitu kimoja: niwaambie wenzetu kumi ukweli, kwa mdomo wangu, Jumatatu kwenye mkutano wa wahitimu. Wajue nani alichelewa.

Nikaapa. Akarudi kwenye kazi yake. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika ungamo langu. Kurasa mbili, kweli tupu, hata lile la foleni limo. Namwonea wifi uchungu, na usingizi sijaupata tangu Jumatano. Hilo ni la kutoka moyoni. Hapa sina wa kumdanganya.

Nimelisoma mbele ya kioo. Sauti haikutetemeka hata mara moja! Machozi yakaja yenyewe kwenye aya ya pili, mahali pake hasa. Miaka tisa nafundisha watu kusema kutoka moyoni, kumbe hivi ndivyo inavyokuwa! Nimelisoma tena. Yakaja tena, aya ileile.

Kisha nikaangalia ratiba ya kesho. Uchaguzi wa mwenyekiti wa umoja wa wahitimu ni saa nne. Ungamo langu limewekwa mwisho, kwenye mengineyo. Kosa kubwa la mpangilio! Nimempigia Mkurugenzi, nikamsihi abadilishe: nikiri kwanza, tuchague baadaye. Nikasema dhamiri yangu haiwezi kungoja. Kaguswa sana. Amekubali.

Aliyekosa akakiri hupendwa kuliko ambaye hakukosa kabisa, hilo linajulikana. Watakuwa bado wanafuta macho. Karatasi za kura ziwe tayari mezani. Nitazigawa mwenyewe.